Mzee Wanga na Muziki wa Mdaka Radi

Hospitalini kwetu kulikuwa na watu wawili ambao hakuna aliyethubutu kuwatania: daktari mkuu wa upasuaji, na Mzee Wanga wa chumba cha kufulia. Daktari alikuwa mkali wa kuzaliwa. Mzee Wanga hakuwa mkali, alikuwa amenyooka tu, kama kola ya shati lake. Na kola hiyo ndiyo iliyompa jina, maana aliitia wanga mpaka ikasimama kama kadibodi. Wageni waliposikia tunamwita hivyo walishtuka wakidhani tunasema mzee ni mchawi. Kuna muuguzi mmoja mpya aliyemkwepa mwezi mzima kwenye korido, hadi alipoelezwa kuwa ni wanga wa nguo.

Mimi ni fundi wa vitanda na viti vya magurudumu. Karakana yangu na chumba cha kufulia vilitenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo nilisikia mashine zake na yeye alisikia nyundo yangu kwa miaka kumi na moja. Tuliimba pia pamoja katika kwaya ya wafanyakazi, mimi besi, yeye mwalimu. Haya nitakayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza mwenyewe baadaye, kwenye benchi langu, akiongea huku ameinamisha uso.

Kazi yake aliijua. Mashuka ya hospitali si mashuka ya nyumbani. Damu inaanzia kwenye maji baridi, kwa sababu ukiipeleka kwenye maji ya moto kwanza inang'ang'ania hapo milele. Gauni za chumba cha upasuaji zinafuliwa peke yake. Mfuko mwekundu, ule wa nguo za wagonjwa wa kuambukiza, haufunguliwi sakafuni, unafunguliwa kwenye mdomo wa mashine. Mzee Wanga ungemfunga kitambaa machoni ukampa shuka alishike, angekwambia limetoka wodi gani. Miaka ishirini na minane ya mvuke na dawa ilikuwa imemchubua vidole vikawa vyekundu na laini kama vya mtoto mchanga, na hilo lilimkera, akawa anasalimiana na watu haraka haraka ili mkono wake usishikwe sana.

Kitu alichokidharau kuliko vyote ni sinema za mashujaa. Mwaka ule ilitoka moja iliyovuma kila mahali, watu waliita Mdaka Radi. Ilimhusu mtu anayedaka radi kwa mikono mitupu kabla hazijaangukia watu. Vijana wa kufulia walibandika picha yake kwenye mlango wa chumba cha kupigia pasi: jamaa kavaa vazi la buluu lililombana, mikono juu, cheche zinaruka. Mzee Wanga aliibandua asubuhi ileile, akaikunja mara nne, akaitupa.

"Mtu mzima," alisema, "kavaa soksi kuanzia shingoni mpaka kwenye kidole gumba, anarukaruka hewani! Na nyie mnabandika ukutani kama picha ya baba yenu."

Picha ilikuwa mali ya dada mmoja aliyeendesha pasi ya roli, ile mashine kubwa ya silinda inayomeza shuka bichi upande huu na kulitoa limenyooka upande wa pili. Tulimwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Alikuwa na miaka kama thelathini hivi, mpole, na ndiye aliyebeba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Aliichukua picha kwenye pipa, akainyoosha kwa kiganja, akaitia mkobani.

Sasa ikawaje mzee huyo akaiona sinema yenyewe? Mjukuu wake wa kike, wa miaka tisa, alikuwa ameahidiwa na shangazi yake kupelekwa. Shangazi akaamka na homa, mtoto akalia mpaka nyumba ikawa haikaliki, na bibi yake akamgeukia mumewe.

"Mpeleke wewe. Utalala huko, nani atakujua?"

Alikwenda na nia hiyo hiyo ya kulala. Nusu saa ya kwanza aliipitisha kwa kupiga miayo. Majengo yalianguka, magari yalipinduka, yeye akawa anatafuta namna ya kuegemeza shingo. Kisha ikafika sehemu ambayo shujaa anarudi nyumbani kwa mama yake. Hajaweza kumwokoa ndugu yake. Anavua lile vazi la buluu, analiacha sakafuni limeloa damu, anakwenda kujilaza bila neno. Mama analiokota. Anachota maji kwenye beseni. Anatia kidole majini kuhakikisha ni ya baridi, halafu analiloweka, anaanza kulifua taratibu upande wa ndani, kwenye mishono, pale ambapo damu hujificha. Dakika nne nzima hakuna anayeongea, ni fidla tu zinazopanda moja baada ya nyingine, kama watu wanaoingia chumbani wakivua viatu.

"Ni ya baridi," Mzee Wanga aliniambia. "Fundi, walijua kwamba ni maji ya baridi. Mimi sijawahi kumwona mtu yeyote, popote pale, akijiuliza nguo zile zinafuliwa na nani."

Mjukuu alimvuta mkono. "Babu, nataka kwenda msalani."

"Subiri kidogo."

"Babu, siwezi."

"Nimesema subiri!"

Mtoto alisubiri, na hakuweza. Wakati taa zinawashwa alikuwa amekaa kwenye kiti kilicholowa, analia kimyakimya, na babu yake analia vilevile. Yeye aliyefua mashuka ya watu wazima miaka ishirini na minane bila kukunja uso, alimfunga mtoto koti lake kiunoni akamtoa kwa mlango wa pembeni. Njiani alimwomba asiseme. Mtoto alifika akasema yake mwenyewe, kwamba amejikojolea, na cha babu akakisema nusu tu.

"Babu alilia."

"Mle ndani mna vumbi," alisema mzee.

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alimwambia mkewe anakwenda kumwona daktari wa magoti. Alivaa kofia akaivuta mpaka kwenye nyusi, akaingia kwenye onyesho la saa nane mchana, wakati jumba huwa tupu, akaketi safu za nyuma. Wiki ya pili yake magoti yakauma tena. Aliniambia kwamba mara ile ya tatu aliizuia pumzi yake mwenyewe ili asikose hata sauti moja ya fidla, na alipotoka nje alijiona kama mtu aliyetoka kufanya jambo baya, akavuka barabara bila kuangalia.

Kisha akagundua kwamba muziki wote wa sinema ile unauzwa kama albamu, vipande ishirini na viwili, bila maneno. Alimwendea kijana wa duka la simu.

"Ni ya mjukuu," alisema kabla hajaulizwa.

"Sawa mzee. Nikuwekee kwenye simu ya mjukuu?"

"Iweke kwenye yangu. Yeye hana."

Akataka isiandikwe jina lake, iandikwe *Taarifa*. Tangu siku hiyo tukaanza kumwona na visikizi masikioni, asubuhi anapopanga mafungu ya mashuka, mchana anapokula, jioni anapofunga mlango. Tukauliza anasikiliza nini, akajibu kwamba ni taarifa za habari. Tukamheshimu zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita nachungulia dirishani: "Mzee, dunia inasemaje leo?"

"Hali si nzuri," alijibu.

Na kwa kuwa hali huwa si nzuri mahali fulani kila siku, hakuna aliyemkamata.

Miezi minne ikapita hivyo. Halafu metroni, mama mkuu wa wauguzi, akafikia kustaafu, na uongozi ukaiomba kwaya wimbo mpya wa kumuaga. Mzee Wanga alikuwa ametutungia nyimbo tatu kabla ya hapo. Nikiwa mkweli, zilikuwa wimbo mmoja uliobadilishwa nguo mara tatu. Safari hii alihangaika. Wiki mbili akaandika na kufuta. Kisha asubuhi moja, anafungulia maji kwenye mashine kubwa, sauti ikamjia yote kwa pamoja na maneno yakaifuata: *Mikono yako ilitupokea, mikono yako ilitufunika.* Akaiandika kwa do-re-mi nyuma ya fomu ya kupokelea mashuka, akaja karakana mbio.

"Fundi, acha hicho kitanda. Sikiliza."

Nilisikiliza nikiwa nimeshika bisibisi. Sikuwahi kusikia kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye kinywa ninachokijua.

Tuliufanyia mazoezi juma zima na watu walitoka machozi. Ijumaa jioni, akiwa anarudi nyumbani, vipande vya albamu vikawa vinajiendea masikioni mwake kama kawaida. Kikafika cha tisa, kile cha beseni. Mzee Wanga akasimama katikati ya njia. Mtu wa nyuma yake akamgonga mgongoni, akamtukana, akapita. Sauti ile aliyodhani amepewa asubuhi ile ilikuwa ni hiyo hiyo, kupanda kwa kupanda, kushuka kwa kushuka, tangu mwanzo mpaka pale kiitikio kinapoingia. Alikuwa ameisikia mara mia mbili, pengine mia tatu. Ilikuwa imemwingia mpaka akaidhania yake.

Mpaka hapo hakuwa na kosa, na hilo alilisema mwenyewe kwenye benchi langu: Ijumaa ile alikuwa bado msafi. Alikuwa na Jumamosi na Jumapili nzima. Aliketi akajiambia kwamba sauti ziko saba tu duniani, lazima zigongane. Akajiambia kwamba ile ni fidla na hii ni kwaya. Akajiambia kwamba metroni anaondoka Alhamisi, hakuna muda. Jumapili jioni alikuwa ameshakubaliana na nafsi yake.

Jumatatu tulipomaliza kuimba ubeti wa kwanza, Kengele alitabasamu. Alikuwa amepewa kuanzisha ubeti wa pili peke yake, na furaha ilikuwa imemjaa.

"Mzee," alisema, "huu wimbo unanikumbusha ile sinema ya Mdaka Radi. Pale mama yake anapofua. Unafanana nao kabisa, ni mzuri!"

Hakuwa na nia yoyote mbaya, mtu yeyote angeona. Lakini Mzee Wanga aliweka chini karatasi, akavua miwani.

"Binti, mimi nina miaka hamsini na saba. Unaniona ni mtu wa kukaa gizani kuwatazama wanaume waliovaa soksi mwili mzima?"

Watu wakacheka.

"Sijasema umeiona, mzee. Nimesema zinafanana tu."

"Kwa hiyo mimi ni mwizi."

"Hapana mzee, wapi nimesema—"

"Umesema mbele ya watu wote kwamba nimechukua wimbo wa katuni nikampa mama aliyetumikia hospitali hii miaka thelathini na nne. Akili yako imejaa katuni, binti, mpaka ukisikia kitu cha watu wazima unakisikia katuni. Kazi yako hapa ni kuimba. Imba."

Pale ndipo mimi nilipoona nichangie. Kulikuwa na kimya kibaya, na mimi ni mtu wa kujaza kimya.

"Mwacheni jamani," nikasema, "Kengele akisikia tumbo la mtu linanguruma anajua ni radi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nilijisikia mwerevu. Kengele alisimama mpaka mwisho wa mazoezi akichezesha midomo bila sauti, kisha akaweka karatasi yake juu ya kiti, ameipanga vizuri na kiti chenyewe, akatoka. Siku ya pili hakuja. Ubeti wa pili ukapewa mtu mwingine. Na kufikia Jumatano, wale wanaosukuma matoroli ya nguo chafu kutoka wodini walikuwa hawamwiti tena Kengele, wanamwita Katuni. Hata daktari mmoja kijana, ambaye hakujua jina limetoka wapi, nilimsikia akisema, "Asante, Katuni."

Mzee Wanga naye jioni ile ya Jumatatu alimsimulia mkewe jinsi alivyomkomesha binti mmoja asiye na adabu.

Alhamisi tuliimba. Metroni alilia mpaka akashikwa mabega. Mkurugenzi alipanda jukwaani akauliza mtunzi ni nani, akamsimamisha, watu wakapiga makofi wamesimama. Mkurugenzi akatangaza kwamba wimbo huo utaimbwa kila mwaka kwenye siku ya wafanyakazi, na kesho yake maneno yake yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo, yamepigwa chapa, na chini yake: *Mtunzi*, na jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho ambalo wengi wetu hatukulijua. Kuanzia hapo Mzee Wanga aliacha kupita njia ya ubao. Alizunguka nyuma kwenye boila, penye matope.

Mkewe na mjukuu walikuwa wamealikwa kwenye sherehe. Walipokuwa wanarudi, mtoto katikati amewashika wote mikono, akasema, "Babu, ule wimbo wenu ni wa mama yake Mdaka Radi."

"Hapana, mwanangu."

"Ndiyo, babu! Ule uliokuliza."

Walipofika bibi alimwambia mtoto aende kubadili nguo, akafunga mlango, akakaa.

"Vumbi," alisema.

Mzee akaanza kufungua kifungo cha kola.

"Na yale magoti ya Jumatano?"

"Ilikuwa sinema."

Mkewe akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la nguo, na mzee aliniambia kwamba alishukuru kile kicheko, akaona pengine mambo yataishia pale. Kisha kicheko kikakatika.

"Yule binti uliyemkomesha. Alikuwa amesema nini hasa?"

Ungetegemea mtu aamke kesho yake aende moja kwa moja kwa Kengele. Hakwenda. Ilimchukua siku kumi na saba, na alizihesabu. Pasi ya roli ilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka mezani kwake. Kila asubuhi Kengele aliingia, akafunga kitambaa kichwani, akasema, "Shikamoo, mzee," kwa sauti ile ile ya siku zote, bila kisirani, na yeye akaitikia marahaba akiwa ameyaangalia mashuka. Aliacha kuvaa visikizi. Nilimwuliza dirishani dunia inasemaje, akaniambia hajui. Mara mbili alisikia mtu akiita "Katuni!" kwa kelele ya mashine, na mara zote mbili aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba, alivaa mabuti ya mpira.

Siku ya kumi na nane, mwenzake Kengele wa upande wa pili wa shuka hakuja kazini. Kazi ile ni ya watu wawili, mmoja ashike pembe hii na mwingine ile, mlishe roli kwa pamoja, la sivyo shuka linaingia upande. Mzee Wanga akaenda akashika pembe. Wakapitisha mashuka saba bila neno.

La nane akasema, "Niliiona ile sinema."

"Najua, mzee."

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Ilikuwa Jumatano mchana, siku ile niliyoomba ruhusa. Ulikuwa umekaa mbele yangu, safu mbili. Uliivua kofia mama alipoanza kufua."

Shuka likaenda upande. Kengele alisimamisha mashine, akalivuta, akalinyoosha, akaiwasha tena.

"Kumbe siku ile ulijua," mzee alisema. "Nilipokuwa nakutukana, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema? Ungenimaliza kwa neno moja."

"Ningesema nini? Kwamba nilimwona mzee akilia?" Alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Nilifurahi, ndiyo maana nikasema zile sauti zinafanana. Nilidhani utacheka, tuizungumze. Sina mtu wa kuizungumza naye hapa. Nilitafuta kipande kile cha beseni nikakosa, sijui hata kinaitwaje."

Mzee Wanga aliniambia kwamba alikuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa machozi. Maneno yale hakuyaandalia kitu. Alitaka kumwambia kwamba anacho, kiko mfukoni, namba tisa, na akaona aibu hata ya kusema hivyo.

"Nitawaambia wote," alisema. "Ili urudi."

"Waambie, mzee, hilo ni lako. Ila mimi sirudi. Si kwa hasira. Nikifungua kinywa mle sasa hivi najisikia nachekwa."

Jumatatu alisimama mbele ya kwaya na kofia mkononi. Hakutoa hotuba. Aliweka simu juu ya kiti, akafungulia kipande cha tisa chote, dakika nne, na sisi tukakaa tunasikia wimbo wetu ukiimbwa na fidla. Kilipoisha akasema, "Niliiona mara tatu. Albamu hii ninayo tangu mwaka jana, taarifa za habari sijawahi kusikiliza hata siku moja. Niligundua Ijumaa kabla hatujamwimbia metroni, nikanyamaza. Na yule dada alisema kweli, na mimi nikamvunjia heshima nikijua kwamba amesema kweli."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi cha puani, kwa ajili ya zile taarifa za habari. Ningependa kusema alikuwa mtu mwingine. Nilikuwa mimi.

Kutoka pale alikwenda kwa mkurugenzi, ambaye alionekana kuudhika zaidi kwa kuletewa jambo lile kuliko kwa jambo lenyewe. Karatasi ya ubaoni ikaondolewa bila maelezo, na kwa kuwa haikuwa na maelezo, watu walijitungia yao, mabaya kuliko ukweli. Alikwenda mpaka kwa metroni nyumbani kwake. Yule mama alimsikiliza, akamwuliza maneno yalikuwa ya nani.

"Maneno ni yangu, mama."

"Basi niachie hayo," alisema, akamfungulia mlango atoke. Mzee hajui hadi leo kama alisamehewa au alifukuzwa.

Kwaya tulimwomba aendelee kufundisha. Aliendelea mwaka mmoja, nyimbo za zamani tu, kisha akastaafu naye. Hakutaka kuimbiwa. Albamu anayo bado. Nilipomtembelea aliiacha ikicheza wazi sebuleni, mkewe anapita anapika na kuimba juu yake, na mjukuu, ambaye sasa ni mrefu kumpita bibi, alitoka chumbani akasema, "Babu, hebu badilisha, tumechoka." Lakini kilipokaribia kipande cha tisa mzee aliinuka, akakiruka kwa kidole, akarudi kukaa.

Kengele alipata kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli. Siku yake ya mwisho alizunguka kila chumba akiaga, akafika mpaka karakana kwangu. Nilikuwa nimelala chini ya kitanda, nafunga gurudumu. Niliona viatu vyake vimesimama.

"Fundi, mimi naondoka. Kwaheri."

Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nayo kwa karibu mwaka mzima. Ningeweza kutoka nikasimama. Gurudumu lilikuwa limeshakazwa, halikuhitaji kushikwa.

"Safari njema," nikasema kutoka kule chini.

Viatu vilingoja kidogo, halafu vikaenda.